Maana na Matumizi ya Neno "Lemonade" katika Kiswahili: Mfano wa Msomaji wa Mgeta, Uluguru

Makala haya yanafafanua neno la Kiingereza lemonade na ugumu wa kulipatia kisawe kimoja cha Kiswahili. Neno hilo liliingia katika Kiingereza katika karne ya 17 kutoka neno la Kifaransa limonade, linalotokana na limon, yaani limau. Maana yake baadaye iligawanyika. Nchini Marekani hurejelea mchanganyiko wa maji ya limau, maji na sukari, usio na gesi. Nchini Uingereza, kwa kawaida, ni kinywaji angavu chenye gesi, sukari na ladha ya limau.

Maana ya pili ndiyo iliyozaa neno namleti, ambalo kamusi za Kiswahili hulifasili kuwa ni soda. Kiarabu cha Ghuba nacho kina neno namlet, linalohusishwa na soda ya chupa iliyozibwa kwa gololi, aina iliyobuniwa na Mwingereza Hiram Codd katika miaka ya 1870. Kifonolojia, sauti /l/ na /n/ zimebadilishana nafasi, /d/ imekuwa /t/, na Kiswahili kimeongeza irabu mwishoni.

Hata hivyo, kuwamo katika kamusi si sawa na kueleweka. Mgeta, katika Wilaya ya Mvomero, hutumia Kiluguru pamoja na Kiswahili cha Tanzania Bara, ambamo soda hujumuisha vinywaji baridi vyote vyenye gesi, bila kujali ladha. Kinywaji cha kukamuliwa huitwa juisi, na sharubati husikika zaidi katika Kiswahili cha Pwani. Aidha, limau na ndimu ni matunda mawili tofauti, ingawa katika mazungumzo huweza kuchanganywa.

Tofauti hizi zina athari. Chukulia agizo la kiafya linalomtaka mgonjwa wa kisukari aepuke lemonade. Mfasiri akiandika "maji ya limau", mgonjwa ataacha maji yaliyokamuliwa limau bila sukari na kuendelea kunywa soda. Akiandika "namleti", huenda asieleweke kabisa. Vivyo hivyo, msindikaji wa matunda akiandika "soda ya limau" kwenye kinywaji kisicho na gesi, atampotosha mnunuzi.

Hivyo basi, mfasiri hana budi kutambua kwanza sifa tatu za kinywaji kinachotajwa: gesi, sukari na asili ya ladha. Chenye gesi kiitwe soda ya limau. Kilichokamuliwa kiitwe juisi ya limau, na sukari itajwe pale inapobadili maana ya ujumbe. Namleti libaki katika kamusi likiwa na alama ya matumizi ya zamani, kwa kuwa msomaji wa maandishi ya kale bado atalihitaji.