Noti zilizokataliwa madukani sasa zatafutwa kwa udi na uvumba

MAKOLONI ya Marekani yalipoasi Uingereza, Kongresi yao haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Hivyo, kuanzia 1775, ilichapisha noti za kugharimia vita. Kufikia mwisho wa 1779 ilikuwa imetoa takriban dola milioni 241, nao Waingereza wakazidi kumwaga noti ghushi. Askari aliyelipwa karatasi hizo hakupata wa kumuuzia mkate. Sheria ya 1790 iliruhusu dola 100 za noti hizo zibadilishwe kwa hati ya dhamana ya dola moja tu.

Leo wakusanyaji huzinunua kwa bei inayoipita mbali ile iliyoandikwa juu yake. Huvutiwa na sahihi zilizotiwa kwa mkono, na hasa taswira ya jani halisi mgongoni. Mbinu hiyo ilibuniwa na Benjamin Franklin, kwa kuwa vishipa vya jani humshinda mchongaji kuviiga. (Walaghai hawakukoma, ajabu ni kwamba noti ghushi za enzi hiyo nazo zina wanunuzi!)

Wa kuogopwa ni muuzaji wa nakala za ukumbusho za karne ya 20, zilizochapishwa kwenye karatasi ngumu ya manjano. Noti halisi za Kongresi huwa na nyuzi za buluu na chembe za ulanga zinazometameta ndani ya karatasi yenyewe.