Mshauri wa familia aanzie kwao

Wahenga walisema mganga hajigangi. Katika ushauri wa ndoa na familia msemo huu una hatari yake, kwa sababu mshauri asiyejitazama huingia nyumba za watu na ugomvi wa kwao mkobani. Ningependa kuwaeleza ndugu zangu wa Pwani jinsi mshauri anavyofunzwa, ili siku mkimhitaji mjue mnamkabidhi nani siri zenu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini kwa miaka kadhaa naishi na kufanya kazi hii Milimani, Nakuru. Kwetu mume na mke wakitofautiana, jambo hupelekwa kwa wazee, kwa somo wa bibi, na likishindikana kwa kadhi. Qurani, katika Suratun-Nisaa aya ya 35, inaelekeza wateuliwe wasuluhishi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Huku bara wengi wako mbali na jamaa zao, hivyo humwendea mshauri wa kulipwa. Siku hizi hata Pwani washauri hao wapo.

Tazameni tofauti iliyopo. Wale wasuluhishi wawili, kila mmoja upande wake unajulikana tangu mwanzo. Mshauri huja peke yake na kusema hana upande. Lakini kila binadamu ana upande alioupata utotoni, hata kama mwenyewe hana habari nao. Kuutambua upande huo ndiyo nusu ya mafunzo yake.

Nusu nyingine ni masomo ya darasani. Hapa kwetu Nakuru vipo vyuo vikuu vya Egerton, kule Njoro, na Kabarak, vinavyofundisha ushauri nasaha. Mwanafunzi husoma nadharia, kisha hukutana na watu wenye shida zao akiwa chini ya msimamizi. Msimamizi ni mshauri mkongwe anayesikiliza jinsi kazi ilivyokwenda, bila kutajiwa majina ya wahusika, na kuuliza maswali magumu: kwa nini ulimkatiza yule mama? Kwa nini yule baba alikuudhi?

Majibu mara nyingi hupatikana katika mchoro wa ukoo. Mwanafunzi huchora vizazi vitatu vya kwao, wanaume kwa miraba na wanawake kwa duara. Huonyesha nani alioa wapi, nani aliachwa, nani hasemi na nani, nani alifariki na hakuna anayemtaja. Nilipochora wangu niliona jambo nililoishi nalo bila kulipa jina. Mimi ni kifungua mimba, na wazazi wangu wakinuniana mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka maneno baina yao. Hadi leo mume akinyamaza mbele yangu, ulimi huniwasha nimsemee. Kwa kuwa najua kuwasha huko kunatoka wapi, hungoja mpaka aseme mwenyewe.

Aliyelisimamia sana jambo hili ni Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1913. Mwaka 1967, katika mkutano wa wataalamu mjini Philadelphia, walitarajia awasomee nadharia. Yeye akawasimulia juhudi zake ndani ya familia yake mwenyewe. Baadaye aligundua kwamba wanafunzi wake waliorudi kwao kurekebisha uhusiano na wazazi na ndugu zao walifanya kazi vizuri zaidi. Alifundisha pia kwamba wawili wakizidiwa na mvutano humwingiza wa tatu. Pwani tunamjua huyo wa tatu: mara ni mavyaa, mara ni mtoto, mara ni simu ya kila usiku kwa mama. Mshauri asipojichunga, wa tatu huwa yeye.

Hapa Nakuru jambo hili lina uzito wa pekee. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini humu. Ndoa za makabila mawili zilitikisika, na mashauri yake bado yanatufikia. Mshauri ambaye watu wake walichomewa nyumba, naye ameketi mbele ya mume wa kabila analolilaumu, anahitaji kuwa amekwisha kulia kilio chake mahali pengine. Akilialia hapo, mke atapata shahidi na mume atapata adui, na ndoa iliyokuja kutafuta dawa itaondoka na kidonda kipya.

Kwa hivyo kabla ya kufungua kinywa, ulizeni. Kwanza, je, amesajiliwa? Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inadai hivyo. Pili, nani anamsimamia? Aliyefundwa vizuri hata akiwa na mvi hutaja kwamba yuko mtu anayemwendea. Tatu, mara ya mwisho yeye mwenyewe kuketi katika kiti cha mshauriwa ilikuwa lini? Si lazima akupe habari za kwao, na asikupe. Lakini akikasirika kwa kuulizwa, chukueni mkoba wenu mwende kwa mwingine.