Mwenye Timu Aliyehesabu Tembo

Wanangu wa Tarime na Serengeti, sogeeni niwasimulie habari za Paul Allen. Alizaliwa mwaka 1953 katika mji wa Seattle, Marekani. Mwaka 1975, yeye na Bill Gates, rafiki yake wa shuleni, walianzisha Microsoft, kampuni ya programu za kompyuta. Utajiri ulimjia angali kijana, na maradhi nayo hayakuchelewa. Mwaka 1982 akaugua saratani. Alipopona aliiacha kazi ya kampuni, akafuata mambo aliyoyapenda.

Alipenda michezo. Mwaka 1988 akainunua Portland Trail Blazers, timu ya mpira wa kikapu. Mwaka 1997 akainunua Seattle Seahawks, wanaocheza ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia nao mikononi, na mwaka 2014 wakatwaa ubingwa.

Alipenda pia tembo. Miaka hiyo majangili waliwaua kwa ajili ya meno, wala hapakuwa na aliyejua kwa hakika wamebaki wangapi. Allen akatoa fedha, ndege ndogo zikaruka juu ya nchi 18 za Afrika, wataalamu wakahesabu. Majibu yalitoka mwaka 2016, nayo yalitia uchungu: kati ya 2007 na 2014, tembo wa savana walipungua kwa asilimia 30. Tanzania tuliumia zaidi, kwani tembo wetu walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Serengeti, kwa bahati njema, walikuwa wameongezeka.

Najua mtauliza: tembo wakiongezeka, shamba la mama litapona? Mna haki ya kuuliza. Kundi la tembo likitoka hifadhini usiku mmoja tu, linaweza kumaliza mahindi ya mwaka mzima.

Kwa hilo nalo upo msaada: watu wa Allen walitengeneza programu ya kompyuta iitwayo EarthRanger, ambayo Mfuko wa Grumeti, shirika la uhifadhi, huitumia huku magharibi mwa Serengeti. Tembo jike anayeongoza kundi huvishwa shingoni mkanda wenye kisukuma mawimbi, kifaa kinachotuma habari za mahali alipo. Kila aendako huonekana kwenye ramani, na akikaribia mashamba, askari wa wanyamapori hupata taarifa. Hapo sasa kazi huwa ya binadamu, maana kompyuta haifukuzi tembo. Ni askari hao wanaotoka usiku wa giza kumrudisha porini.

Allen alifariki tarehe 15 Oktoba 2018. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha agizo kwamba timu zake ziuzwe, na fedha ziende kwenye misaada.

Wanangu, utajiri wa namna ile si wa kila mtu, lakini njia yake yaweza kufuatwa na yeyote: alihesabu kwanza, kisha akasaidia. Mkiona visima vinakauka au wenzenu wanaacha shule, anzeni kwa kuhesabu. Andikeni vingapi, wangapi, tangu lini. Mkifika kwenye mkutano wa kijiji na hesabu mkononi, wakubwa watawasikiliza.