Marina City, Minara ya Mviringo Kando ya Mto Chicago

Marina City ni kundi la majengo kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Chicago nchini Marekani, kati ya barabara za State na Dearborn. Msanifu Bertrand Goldberg aliibuni mwaka 1959, enzi ambayo familia nyingi zilikuwa zikihamia vitongojini na katikati ya jiji kubaki tupu kila jioni. Mradi uligharimiwa na chama cha wafanyakazi wa majengo, wakiwamo wafagizi na waendesha lifti, watu ambao riziki yao ilitegemea jiji kuwa na wakazi. Ndiyo maana nyumba za kuishi ziliwekwa pamoja na ofisi, ukumbi wa maonyesho, maduka, uwanja wa kuteleza kwenye barafu na gati la boti, ili mtu aishi, afanye kazi na astarehe bila kuondoka mtoni.

Kinachovutia macho kwanza ni minara miwili ya ghorofa 65, yenye urefu wa mita 179 hivi. Roshani zake za nusu duara zimejipanga kama punje, na wenyeji huiita mahindi. Ghorofa 19 za chini ni maegesho: njia moja inazunguka ikipanda, na magari huegeshwa pembeni kabisa, kiasi kwamba aliye darajani huona bampa zake zikiwa zimepangana ukingoni.

Siri ya umbo hilo imo ndani. Katikati ya kila mnara kuna nguzo nene ya zege iliyo wazi ndani, yenye kipenyo cha mita 10 hivi, inayobeba lifti na ngazi na kukabili sehemu kubwa ya nguvu ya upepo. Vyumba vinaizunguka kama petali. Jiko na bafu viko upande wa ndani, palipo pembamba. Kuanzia hapo chumba kinapanuka hadi kwenye roshani. Pembe mraba ni adimu, hivyo hata kutafutia kabati mahali pake kunahitaji akili. Faida yake ni kubwa kuliko usumbufu huo, kwa kuwa kila sebule inafunguka kwenye mwanga na anga.

Nyumba hizo ni za watu binafsi, kwa hiyo mgeni hufaidi zaidi akiwa nje. Mahali pazuri pa kuanzia ni njia ya waenda kwa miguu kwenye ukingo wa kusini, au boti za utalii. Kutoka hapo huonekana pia, upande wa mashariki, jengo jeusi la chuma na kioo la msanifu Ludwig Mies van der Rohe, lililonyooka kila upande. Goldberg alisoma katika shule ya usanifu ya Bauhaus, Ujerumani, wakati Mies akiiongoza. Kuyatazama majengo hayo pamoja ni somo zuri la usanifu.

Ukumbi wa maonyesho sasa ni wa muziki, ofisi zimekuwa hoteli, na palipokuwa na barafu pana mgahawa. Mwaka 2016 jiji liliipa Marina City hadhi ya urithi unaolindwa.