Afrika Kusini: Moto wa Nyika Hupangiwa Kabla ya Kiangazi

Katika safu hii ya nchi jirani tumezoea kuwaletea wasomaji habari za mishahara, migomo na mikataba. Safari hii tunawaletea habari za moto wa nyika na misitu huko Afrika Kusini, na jinsi serikali ya nchi hiyo ilivyojipanga kupambana nao. Tumeichagua habari hii kwa sababu moto unapozuka, mfanyakazi wa shamba la miti, la chai au la mkonge ndiye wa kwanza kuitwa. Mara nyingi huitwa akiwa na tawi bichi mkononi, bila buti, bila mafunzo na bila maji ya kunywa.

Watu wengi hudhani kazi ya moto ni kuuzima tu. Wanaoijua kazi hii husema sehemu kubwa yake hufanyika wakati hakuna moshi wowote. Upepo na jua hakuna awezaye kuviamuru, lakini majani makavu yanaweza kupunguzwa, na mikanda ya kukinga moto inaweza kusafishwa mapema. Kwa hiyo afisa wa serikali anayeongoza mipango ya moto ana maswali mengi ya kujibu kabla ya kiangazi. Je, moto hutokea wapi na mwezi gani? Huanzishwa na nani? Nyasi zipi zichomwe mapema kwa utaratibu? Vikosi vikae wapi? Na kama moto unavuka mashamba ya watu watatu, nani atoe amri?

Huko Afrika Kusini hata swali la mwezi si rahisi. Upande wa Cape Magharibi mvua hunyesha wakati wa baridi, hivyo hatari kubwa iko majira ya joto, kuanzia mwisho wa mwaka. Upande wa mashariki, penye nyasi na mashamba makubwa ya miti, hatari iko miezi ya baridi na ukame, kuanzia Juni hadi Oktoba. Tarehe moja kwa nchi nzima isingefaa.

Mwaka 1998 bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Moto wa Nyika na Misitu, Namba 101. Sheria hii inamtaka mwenye ardhi ambayo moto unaweza kuanzia au kupita atengeneze mikanda ya kukinga moto. Inamtaka pia awe na vifaa, mavazi ya kinga na watu waliofundishwa. Tena inawaruhusu wenye ardhi wa eneo moja kuunda chama cha kukinga moto, wapange pamoja, na serikali yenyewe ikiwa na ardhi hapo inalazimika kujiunga. Hatari ya kila siku hupimwa kwa rangi tano: buluu, kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Hatari ikiwa kubwa na onyo likitangazwa, ni kosa kuwasha moto nje.

Wafanyakazi wayakumbuke maneno haya: vifaa, mavazi ya kinga na watu waliofundishwa. Hayo ni matakwa ya sheria kwa mwenye ardhi, wala si fadhila ya msimamizi.

Hata hivyo, karatasi haizimi moto. Mwezi Julai 2007 upepo mkali ulieneza moto katika Mpumalanga, KwaZulu-Natal na nchi ya Swaziland, ambayo leo huitwa Eswatini. Watu walipoteza maisha, na maelfu ya hekta za mashamba ya miti yakateketea. Mti wa mbao hukua kwa miaka mingi. Ukiungua, hasara hufika kiwandani, kwa mpasuaji mbao na kwa dereva wa lori. Mwezi Juni 2017 ikawa zamu ya mji wa Knysna, ambako mamia ya nyumba ziliungua.

Pamoja na sheria hiyo, serikali ilianzisha mwaka 2003 mpango uitwao Working on Fire. Mpango huo uliwachukua vijana wasio na kazi, wake kwa waume, ukawafundisha na kuwaweka katika vikosi. Kwa miaka mingi ulikuwa na vijana wapatao 5,000. Kabla ya msimu walisafisha mikanda na kuchoma nyasi kwa utaratibu. Msimu ulipofika walizima moto. Sifa yao ilivuka bahari.

Mwezi Mei 2016 moto mkubwa uliukumba mji wa Fort McMurray katika jimbo la Alberta, Kanada. Vijana wapatao 300 wa mpango huo wakapelekwa kusaidia, wakapokewa kwa shangwe walipowasili wakiimba. Lakini siku chache baadaye wakaweka vifaa chini. Mkataba wao ulikuwa dola 50 kwa siku: dola 15 wapewe huko huko, na dola 35 walipwe wakirudi nyumbani. Kima cha chini cha Alberta wakati huo kilikuwa dola 11.20 kwa saa. Msomaji apige hesabu mwenyewe: kwa saa kumi tu, ni dola 112. Waziri Mkuu wa jimbo, Rachel Notley, alitamka kwamba watu hao lazima walipwe kwa mujibu wa sheria za Alberta. Vijana wakarudishwa kwao kabla ya wakati.

Nyumbani nako malipo yalikuwa na kasoro. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipoanza kutumika Januari 2019, kiwango cha kawaida kilikuwa randi 20 kwa saa. Kwa kazi za umma za kupambana na umaskini, ambazo mpango huu ni mmojawapo, kiwango kiliwekwa randi 11.

Hapo ndipo tunapoona somo kwetu. Wapangaji wa serikali walihesabu vizuri mikanda, ndege na redio, lakini hesabu ya mshahara wa anayesimama mbele ya moto haikuwekwa sawa. Kikosi kilichofundishwa kwa gharama kubwa kilipotea kwa siku chache kwa sababu ya karatasi ya malipo.

Wenzetu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunashauri matawi ya chama yapeleke maswali haya kwa mwajiri kabla ya kiangazi kuanza. Mikanda itasafishwa lini, na kwa malipo gani? Nani amefundishwa? Buti, kofia na maji viko wapi, na vinatosha watu wangapi? Nani ana mamlaka ya kuamuru watu warudi nyuma upepo ukigeuka? Mfanyakazi akiungua, nani anamtibu na nani anailisha familia yake? Na anayeitwa usiku au Jumapili kuzima moto, saa zake zinaandikwa wapi?

Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi wakati nyasi zingali mbichi. Zikishakauka, muda wa mazungumzo utakuwa umepita.