Pointi 50 za Wilt Chamberlain zingebaki ngapi leo?

Usiku wa Machi 2, 1962, watu 4,124 walikaa katika ukumbi wa Hershey, mji mdogo wa Pennsylvania unaosifika kwa chokoleti, wakamshuhudia mtu mmoja akifunga pointi 100. Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors, timu ya ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, alikuwa na umri wa miaka 25 na kimo cha sentimita 216. Warriors waliwashinda New York Knicks 169 kwa 147. Msimu ulipokwisha, wastani wake ulikuwa pointi 50.4 na ribaundi 25.7 kwa kila mchezo. Michael Jordan, katika msimu wake bora wa ufungaji, aliishia 37.1.

Tangu hapo mashabiki wa mpira wa kikapu wamegawanyika. Wapo wanaoapa kwamba mtu yule angefunga 50 hata leo, na wapo wanaosema alikuwa jitu lililocheza na watoto. Kila upande una lake la kweli, lakini ubishi huu hauhitaji kuamuliwa kwa sauti. Sehemu yake kubwa inahesabika.

Tuanze na ribaundi, kwa sababu ndiyo hesabu iliyo wazi zaidi. Ribaundi huzaliwa na mrusho uliokosa. Msimu wa 1961-62 kila timu ilirusha mipira 108 hivi kwa mchezo, na iliyoingia haikufika nusu, asilimia 43 tu. Siku hizi timu hurusha 89 hivi, na asilimia 47 huingia. Kwa hiyo enzi zile mipira mingi zaidi iliyokosa ilikuwa ikidunda juu ya ringi, na ribaundi za timu zote mbili zilifika 143 hivi kwa mchezo. Leo ni kama 87. Ribaundi 25.7 za Chamberlain ni asilimia 18 ya zote zilizopatikana. Mpe asilimia hiyohiyo leo, atapata karibu 16. Halafu kuna suala la dakika. Mchezo una dakika 48, naye msimu ule alicheza wastani wa 48.5, kwani hakupumzika hata kwenye muda wa nyongeza. Katika msimu mzima alikosa dakika 8 tu, baada ya refa kumtoa uwanjani. Hakuna kocha wa leo atakayemchezesha nyota wake hivyo. Dakika 36 ni nyingi. Ukizipunguza dakika, ribaundi 16 zinakuwa 12.

Pointi nazo zinafuata njia hiyo. Alikuwa akifunga pointi 1.04 kwa dakika. Kwa dakika 36 ni 37 na ushee. Lakini mchezo wa 1962 ulikuwa wa mbio: inakadiriwa kila timu ilipata zamu 126 za kushambulia, na leo hazizidi 100 kwa kawaida. Ukigawa kwa uwiano huo unabaki na pointi 29 na ushee. Nakiri nilipofika hapa kwa mara ya kwanza nilisikia uchungu kidogo, kama mtu aliyeambiwa mlima wa kwao si mrefu kama alivyodhani. Kisha nikaitazama tena namba yenyewe. Pointi 29 na ribaundi 12 ni msimu wa mchezaji anayegombea tuzo ya ubora wa ligi nzima.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inachukulia kwamba wapinzani ni walewale. Mwaka 1962 ligi ilikuwa na timu tisa na wachezaji wasiozidi mia na kitu, karibu wote Wamarekani, na wamiliki walikuwa na kiwango kisichoandikwa cha idadi ya weusi waliokubalika katika timu moja. Leo timu ni 30, wachezaji ni 450 hivi, na zaidi ya mia moja wanatoka nje ya Marekani. Bwawa limepanuka mno, na samaki wakubwa wameongezeka. Urefu peke yake hautoshi tena. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, anayemzidi Chamberlain kwa sentimita tano hivi, alichaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya mwaka 2009, na bado hakupata nafasi ya kudumu katika ligi ile.

Lakini Chamberlain hakuwa urefu tu. Akiwa Chuo Kikuu cha Kansas alikuwa akishindana katika kuruka juu na kushinda mataji ya riadha. Na upo mnyororo unaomfunga na wachezaji wa zama zetu. Mwaka 1972, akiwa na miaka 35 na goti lililowahi kufanyiwa upasuaji baada ya kano kukatika, aliiongoza Los Angeles Lakers kuing'oa Milwaukee Bucks ya Kareem Abdul-Jabbar, kijana aliyekuwa akifunga wastani wa 34.8. Abdul-Jabbar huyohuyo, mwaka 1985, akiwa na miaka 38, alitajwa mchezaji bora wa fainali. Mwaka uliofuata alikutana na Hakeem Olajuwon wa Lagos. Olajuwon naye alimshinda Shaquille O'Neal kwenye fainali za 1995, na O'Neal akaendelea kucheza mpaka 2011. Kila pete katika mnyororo huu imegusana na mwenzake. Mzee wa miaka 35 aliyeweza kusimama mbele ya Abdul-Jabbar hawezi kuwa alitamba kwa sababu tu wengine walikuwa wadogo.

Ugumu ungemkuta kwenye ulinzi. Mstari wa pointi tatu uliingia ligi ile mwaka 1979, miaka sita baada ya yeye kustaafu. Kabla ya hapo jitu lilisimama chini ya ringi na kusubiri kila kitu kije. Sasa mpinzani anamwita senta atoke mpaka mita 7.24, anamwekea skrini, kisha anamwachia kijana mwepesi amkimbilie. Anayetaka kujua kama mwili mrefu unaweza kuimudu kazi hiyo amtazame Mfaransa Victor Wembanyama, ambaye msimu wake wa kwanza alizuia wastani wa mirusho 3.6 kwa mchezo. Ya Chamberlain hatutaiona kwenye kumbukumbu: ligi ilianza kuhesabu mirusho iliyozuiwa msimu wa 1973-74, mara tu baada ya yeye kuondoka.

Kwenye kushambulia, mwanya ungekuwa wake. Ila wangemnyang'anya mrusho alioupenda, ule wa kujivuta nyuma huku akiugonganisha mpira na ubao. Mrusho wa mbali wa pointi mbili unaoingia mara 42 kwa mia una thamani ya pointi 0.84. Wa pointi tatu unaoingia mara 36 una 1.08. Wa karibu kabisa na ringi, unaoingia mara 68, una 1.36. Makocha wa leo wanaishi kwa hesabu hii. Je, angekubali? Jibu tunalo. Msimu wa 1966-67 aliacha kurusha ovyo, akapunguza pointi mpaka 24.1, akapachika asilimia 68.3 ya mirusho yake, na Philadelphia 76ers wakautwaa ubingwa uliokuwa umekaa Boston miaka minane mfululizo. Mwaka uliofuata aliongoza ligi kwa jumla ya asisti, 702. Senta anayewagawia wenzake, miaka mingi kabla ya Nikola Jokić kuzaliwa.

Kuna jambo moja tu ambalo kila nikilifikiria linanisikitisha, nalo ni mitupo huru. Katika maisha yake yote ya ligi aliingiza asilimia 51.1. Ukimchezea faulo akapewa mitupo miwili, unatarajia atapata pointi 1.02. Zamu moja ya timu ya leo huzaa 1.15 hivi. Maana yake kumchezea faulo ni faida, na wapinzani wangefanya hivyo bila huruma. Kanuni ya 2016 inabana faulo za namna hiyo katika dakika mbili za mwisho za kila robo tu.

Na dawa alikuwa nayo. Msimu ule wa 1961-62 alirusha mitupo huru kwa mikono miwili kutoka chini, kati ya magoti. Mikono inabembea pamoja kama pendulamu, kiwiko na kiganja havina kazi kubwa, kwa hiyo vya kukosea vinapungua. Mpira unapanda juu ukizunguka kinyumenyume na kushuka taratibu. Ringi ina upana wa sentimita 45.7 na mpira sentimita 24 hivi. Mpira ukishuka kwa nyuzi 45, mlango unaouona ni sentimita 32. Ukija kwa nyuzi 30, mlango unabaki 23, na haupiti bila kugonga chuma. Rick Barry, nyota mwingine wa ligi ile, alirusha hivyo miaka yake yote ya ligi na kuingiza asilimia 90.

Chamberlain alifika asilimia 61.3 msimu ule. Zidisha kwa mitupo miwili: pointi 1.23, zaidi ya 1.15, na faulo inageuka hasara kwa anayeicheza. Kisha akaiacha, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu aliona aibu, akihisi anaonekana kama mtoto wa kike. Kufikia 1967-68 alikuwa ameshuka mpaka asilimia 38. Usiku ule wa Hershey alipiga mitupo 32 kutoka chini, ikaingia 28.