ATOKAPO HOSPITALINI, TUMPOKEEJE?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mwaka jana binamu yangu, mwenye umri wa miaka 17, alilazwa wiki sita katika hospitali ya magonjwa ya akili. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani tulishangilia tukidhani mambo yamekwisha. Kumbe safari ndiyo kwanza inaanza!

Hapa Kenya hospitali ya aina hiyo inayojulikana zaidi ni Mathari, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1910. Wengi wakisikia jina hilo hucheka. Lakini wodini mgonjwa hupewa dawa kwa saa, na wauguzi humwangalia mchana na usiku. Akitoka, hupewa vidonge na tarehe ya kurudi kliniki. Basi! Muuguzi haji naye nyumbani.

Hapo ndipo taabu huanza. Dawa nyingine humfanya mtu asinzie au anenepe. Akipata nafuu husema, "Mimi si mgonjwa tena," kisha huacha kumeza. Mwanzoni haoni tofauti, lakini baada ya wiki au miezi ugonjwa huweza kurudi. Binamu yangu aliacha dawa kwa sababu darasani walianza kumwita "Mathari". Muhula haukuisha kabla hajarudishwa wodini.

Je, tufanye nini?

Kwanza, nyumbani achaguliwe mtu mmoja wa kumkumbusha dawa na kumsindikiza kliniki. Nauli itengwe mapema. Dawa zikimsumbua, daktari aambiwe, zisiachwe ovyo.

Pili, mwenyewe akikubali, mwalimu wa ushauri aelezwe, ili akisinzia darasani asiadhibiwe bure.

Tatu, sisi marafiki. Tumsalimie kama zamani, tumwazime madaftari, tusimdadisi. Tukiona halali usiku, anajitenga, au anasema afadhali afe, hiyo si siri ya kuweka. Tumwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, wala tusimwache peke yake.

Sasa binamu yangu amerudi shuleni. Shule yetu si moja, lakini njia ni moja, kwa hivyo mimi humpitia asubuhi. Kabla hatujatoka shangazi huuliza, "Umemeza?" Naye hujibu, "Ndiyo, mama." Kisha twaenda zetu tukipiga soga.

Shime wenzangu, tuliache lile jina la kejeli. Leo ni binamu yangu, kesho huenda akawa ndugu yako.